Gari la Matangazo Limepita Nkoma

Mama mkwe wangu hakumwamini mwanawe, na mimi simlaumu. Mtu ambaye mdomo wake unakodishwa na kila mwenye shida, utamwamini vipi? Mume wangu Bundala alikuwa mtangazaji wa gari la matangazo hapa Bariadi. Ile kirikuu, pikapu ndogo nyeupe yenye spika mbili juu, Masalu anaendesha, Bundala kando yake ameshika maiki. Mnada wa ng'ombe, yeye. Mkutano wa injili, yeye. Mechi, maji kukatika, mtoto kupotea, yeye. Na misiba ya mji mzima ilipita mdomoni mwake.

Kwao ni Nkoma. Ujana wake alikuwa kibarua kwenye ghala la pamba la hukohuko, anabeba magunia. Karani akiita jina la mkulima halisikiki, Bundala analirudia, na watu wa ng'ambo ya barabara wanaitika. Hapo ndipo wenye gari la matangazo walipomwona. Mimi alinipata sokoni, nauza dagaa wa Lamadi. Alikuwa anatangaza chanjo ya mifugo, akakatisha tangazo akanisalimu Kisukuma kwenye spika, "Na yule dada wa dagaa mwenye kitenge cha njano, mwadila!" Soko zima likageuka. Nikamtukana matusi yote ninayoyajua. Mwaka uliofuata nikawa mke wake, sasa mtu utasema nini.

Lakini jamani, uongo aliupiga. Siyo wake, wa waliomkodi, ila sauti ni yake. Kuna siku alitangaza kwamba msanii mkubwa anakuja uwanjani. Watu wakaja kutoka mpaka Mwandoya, wamevaa viatu vya Krismasi. Akapanda jukwaani kijana mmoja mwembamba asiyejulikana hata kwao, akaimba huku anaangalia pa kukimbilia. Mara nyingine alitangaza dawa ya mizizi inayotibu kisukari, presha na mikosi ya ndoa. Mama yake alinunua chupa, akanywa, akaharisha hadi akaomba maji kwa ishara. Hiyo chupa hakuisahau.

Sasa ndiyo yakaja yale mafua.

Redio ilikuwa ya kwanza. Ikasema kuna mafua makali, siyo ya kawaida, wazee na wenye vifua wajihadhari, watu wapunguze mikusanyiko. Ilikuwa msimu wa kuuza pamba, vumbi limejaa kila mahali. Sokoni tulicheka. "Msimu wa pamba nani hana mafua?" alisema mwenzangu Justina, anayeuza nyanya pembeni yangu. "Hao waandishi wamekosa habari." Mwingine akadakia, "Wakati wa korona leo walisema hivi, kesho vile. Tushike lipi?" Kijana mmoja akatuonyesha video kwenye simu, mtu amevaa koti jeupe, hakuna anayemjua, anasema ni njama ya kuuza sindano, wewe nunua vitunguu tu. Huyo wa koti jeupe akaaminiwa palepale. Vitunguu vikapanda bei, Justina akajuta kuuza nyanya.

Ofisi ya afya ikamkodi Bundala. Alikuja afisa mmoja, Nassib, mtu wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alikuja na tangazo lililoandikwa vizuri sana. Bundala akalisoma, akasema, "Ndugu yangu, hili hata mimi limenipa usingizi." Akaligeuza la kwake, Kiswahili kidogo, Kisukuma kingi, na katikati akaweka kikohozi. Alikohoa kama mzee anayekata roho, kisha akasema, "Umesikia hicho? Hicho ndicho kinatuzika! Wazee wabaki nyumbani. Msibani tuma pole, usiende kulala." Watoto wakawa wanamfuata nyuma ya gari wakikohoa. Wakubwa wakamtania, "Bundala, na dawa yake unayo kwenye gari?"

Yeye hakucheka. Matangazo mengine yote alikuwa anayatamka tu, hili aliliamini, na alikuwa na sababu. Matangazo ya misiba yalikuwa yanapitia kwake. Familia zilimwambia, sema ameugua ghafla, sema ni presha, sema amepumzika tu. Yeye anauliza, "Alikuwa anaumwa nini hasa?" Wanamjibu kwa sauti ya chini, "Kifua." Kila nyumba kifua. Alikuja nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu, akaniambia, "Mama Elia, mimi nina mama mwenye pumu, na mama huyo hakosi msiba hata mmoja."

Kweli hakosi. Mama mkwe wangu, Mayu Ernestina, ni wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kule Nkoma usipokwenda kulala msibani, siku yako ikifika utajichotea maji mwenyewe na machozi yako.

Jumapili tukaenda. Tulimkuta uani anachambua pamba, safi huku, chafu huku. Bundala alikaa mbali naye, akaanza. Ugonjwa upo, unaua, kaa nyumbani, mama. Yule mama hakuinua hata macho.

"Hiyo ni sauti ya spika," akasema. "Ongea na mimi kwa sauti yako."

Bundala akashusha sauti. "Mayu, nakuomba. Mtu akifa hapa kijijini, usiende. Mtume Salu." Salu ni dada yake mdogo, anakaa na mama.

"Na yule msanii alikuja?"

"Mayu..."

"Nilikunywa dawa yako mimi. Nusura nife. Ulisema inaponya, kwa sauti hiyohiyo. Leo umelipwa useme mafua yanaua, unasema. Kesho ukilipwa useme hayaui, si utasema?"

Bundala, mtu wa maneno vile, akaomba maji tu, akanywa, tukaaga. Njiani nikamwambia mama yako ana kichwa kigumu. Akaniambia, "Hapana. Ana kumbukumbu." Nilitaka kulia, nikamkasirikia yeye badala yake, ndivyo nilivyo.

Koo lake likaanza kukauka. Akatangaza hivyohivyo, asubuhi Bariadi, mchana vijijini. Nassib akamwonea huruma, akamwambia arekodi tangazo kwenye flashi, gari litembee na sauti yake, yeye apumzike. Akarekodi sebuleni kwangu, mimi nimewafukuza kuku nje ili wasiharibu. Kikohozi kile safari hii hakuigiza. Alikohoa kweli, mpaka akashika ukuta, na Masalu akasema hapo pametoka vizuri sana, tupaache.

Wiki hiyo hiyo akalala. Homa, kifua kinapiga filimbi. Tulipomfikisha hospitali akanishika mkono, unafikiri alisema nini? Kuhusu mimi? Kuhusu mtoto wetu Elia? Alisema, "Mpigie mama. Mwambie naumwa. Sasa ataamini."

Nikapiga, nikamwekea simu mdomoni. Akajaribu kusema, kikatoka kikohozi. Mayu akasikiliza, kisha akacheka kidogo. "Hicho kikohozi nakijua, kimepita hapa juzi na gari. Mama Elia, mmepanga na mume wako mnitishe. Mwambie ale vizuri. Mimi nakwenda kwa Yakobo, amefiwa na mkewe."

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia dakika ile kuliko ninavyoweza kueleza. Bundala akafumba macho akasema, "Ameenda?" Nikamdanganya. Nikasema hapana, amekubali kukaa.

Alikufa akiwa anaamini hivyo.

Tukamzika hapa Bariadi, kwenye kiwanja chake, kwa sababu Salu alipiga simu akasema mama amerudi kutoka msibani kwa Yakobo akiwa na homa, anahema kwa shida, asiambiwe chochote mpaka apate nguvu. Mazishi yalikuwa ya watu wachache. Msiba wa Bundala haukutangazwa. Nani angeutangaza?

Nilipokwenda sokoni kuwaomba wenzangu wanishikie meza, Justina alikuwa anabishana na watu. "Hajafa," anasema mmoja. "Nimemsikia leo asubuhi Lamadi, anakohoa kwenye spika kama kawaida yake." Mwingine akasema, "Hao wa afya ndio wamezusha amekufa, ili tuogope." Niko mbele yao, nimefunga kitambaa cheusi kichwani, na wananieleza mimi kwamba mume wangu mzima! Nikamwaga beseni la dagaa chini na kuondoka. Sikujua nifanye nini kingine.

Nassib alikuja jioni na Masalu. Alisimama mlangoni hakuketi. "Dada yangu, poleni sana. Nimekuja kukuuliza wewe. Tunaweza kuitoa sauti yake leo hii. Ukisema neno moja tu, tunaitoa."

Masalu alikuwa analia waziwazi. Amekuwa akiendesha na sauti ya rafiki yake juu ya kichwa, mtu mwenyewe hayupo kando yake. Nikafikiri. Nikamkumbuka Bundala ameshika ukuta anarekodi. Nikasema, "Iacheni. Alitaka wasikie. Wasikie."

Kisha nikaenda Nkoma.

Mayu alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, amekonda, ameegemezwa na mito, lakini homa ilikuwa imeshuka na alikuwa anakunywa uji. Salu akaniangalia kwa macho ya kuniomba. Nilikuwa nimevua kile kitambaa cheusi barabarani, nikakiweka kwenye mkoba. Tukasalimiana, mwadila mayu, mhola. Nikapanga maneno kichwani, neno la kwanza, la pili. Nikafungua mdomo.

Ndipo nikasikia gari kwa mbali.

Jamani. Sauti ikaja kwanza kama ya mtu mwingine, kisha ikakaribia ikawa yake kabisa. Wazee wabaki nyumbani. Msibani tuma pole. Mayu akainua mkono kuninyamazisha. Uso wake ukafunguka, kikombe cha uji kikamwagikia kwenye kanga asijali.

"Mwanangu huyo!" akasema. "Salu, kimbia umsimamishe! Mwambie nimemwamini. Mwambie mama anasema alikuwa mkweli, mimi ndiye mjinga. Kimbia!"

Salu hakukimbia. Alijifunika uso na upande wa kanga. Kikohozi kikapita nje ya dirisha, kirefu, mpaka pale aliposhika ukuta, kisha sauti ikaanza kufifia kuelekea ghalani.

"Mbona hamwendi? Anapita!"

Nikapiga magoti karibu naye. "Mayu, ile ni sauti iliyorekodiwa. Bundala tumeshamzika. Yale mafua. Tulikuficha kwa sababu ulikuwa unaumwa."

Nilisubiri kilio. Nilikuwa tayari kumshika. Badala yake alinisukuma mkono, na kwa kifua kile kibovu alikuwa na nguvu.

"Amekulipa nani useme hivyo?" akaniuliza. "Nimemsikia mwenyewe, sasa hivi, kwa masikio yangu. Namwamini mwanangu. Wewe sikuamini."

Nikatoa kitambaa cheusi kwenye mkoba, nikamwonyesha. Hakukitazama. Alimwamuru Salu amsogeze hadi mlangoni, na Salu akamsogeza, mkeka na mito yake yote. Alikaa pale anaangalia barabara, kwa sababu gari likienda ghalani hurudi kwa njia ileile.