Mzee Jabali Kaingia Utukufuni

Chekeni mpendavyo, sijutii. Kwenye kompyuta nina timu ya besiboli ya enzi za kale, wachezaji wote wa kubuni. Jumamosi mrushaji wangu mkongwe, Jabali, alitawazwa gwiji wa ligi. Kwa furaha nikaandika kwenye grupu ya kanisa: "Mzee wangu Jabali ameingia utukufuni!"

Kesho yake waumini wakaja kwangu, mtaa wa Handsworth. Mama Wanjiru, kiongozi wa akina mama, alibeba sufuria ya pilau. Nyuma yake kwaya ikiimba polepole. Nikadhani wamekuja kunipongeza.

"Mzee aliugua, mwanangu?"

"Bega tu, Mama. Lakini alirusha mpaka siku ya mwisho."

Kwaya ikakatiza wimbo. Mama Wanjiru akauliza, "Alirusha nini?"

Nikawageuzia kompyuta. "Mpira. Ndiye huyu. Na wimbo huo anaustahili, kwa hivyo malizieni."