Racheti ya bondeni iliyogomea baridi ya Sumbawanga

Wakuu, habari za mihangaiko.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu mawili. Moja lina makengeza kidogo ila linaona vizuri tu. Atakayesema ni chai aje Katandala hapa Sumbawanga nimwoneshe racheti yenyewe, nauli ajilipie.

Kwanza mnijue. Mimi niliishia la saba, tukapeana mikono na shule tukaachana kwa amani. Kazi yangu ni kufufua vyuma vya zamani: jeki, spana, na hasa racheti. Kwa asiyejua, racheti ni ule mpini unaochomekwa soketi. Ukivuta, nati inazunguka. Ukirudisha mkono, inalia kri kri kri na nati haigeuki.

Meza yangu iko nje ya gereji ya jamaa mmoja wa Mbeya tunamwita Baba Neema. Mzee wa watu mkali huyo, ila fundi.

Sasa mwezi wa sita akaja dada mmoja, Skola, katokea Kaoze kule bondeni. Huko alikuwa anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Akaamkia, akaomba kazi.

Baba Neema akamwangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili. Akamwambia, "Jaribu mpaka Jumamosi. Ukiniridhisha unabaki. Usiponiridhisha, gari za kushuka bondeni unazijua."

Skola alikuja na kimfuko tu. Ndani soketi chache na racheti moja ya zamani, kaachiwa na marehemu mjomba wake.

Wakuu, asubuhi ya kwanza tu ile racheti ikamuumbua. Anavuta, inateleza. Anavuta, inateleza. Mara mkono ukachomoka ukagonga chuma, ngozi ya vidole ikabaki kulekule.

Baba Neema akauliza, "Dada wa bondeni, hiyo ni racheti au kayamba?"

Gereji nzima kicheko. Na mimi nilicheka, siwafichi. Kayamba ilikuwa tamu.

Cha ajabu mchana ikafanya kazi vizuri. Kesho yake asubuhi, kayamba tena. Ndipo Skola akaja mezani kwangu.

"Wewe kijana, wanasema unafufua vyuma."

"Nafufua dada, ila huyu inabidi nimwitie na padri."

"Punguza mdomo. Fungua."

Hapa wakuu naomba mnivumilie, maana mimi nikishika racheti ya zamani nakuwa kama mtu kaona mchumba.

Maandishi yote yalikuwa yamelika. Nikaipaka chaki, nikafuta kwa kidole. Chaki inabaki kwenye vimikwaruzo, kwa hiyo herufi zilizofutika zinarudi. Zikarudi tatu tu, hazikunisaidia kitu. Lakini chuma kizuri hata bila jina unakijua. Mpini chuma kitupu, hamna cha mpira wala plastiki, kimechongwa vimistari mkono usiteleze. Kichwa chembamba. Na mgongoni kimefungwa kwa skrubu! Yaani aliyekitengeneza alijua iko siku mtu atataka kukifungua. Nyingi za siku hizi kichwa kimebanwa jumla, ikifa umezika.

Nikafungua. Meno yote mazima, makubwa kama ya punda. Nikatoa kile kiulimi kinachodaka meno, nikaona alama za tupa. Hakikuwa cha kiwandani.

"Hiki nani kachonga?"

"Mjomba. Cha mwanzo kilivunjika, akakata springi ya lori. Akawa anapiga tupa, anajaribisha, anapiga tena. Akakichoma moto, akakizamisha kwenye oili. Mpaka shangazi akamwambia aoe hicho chuma, yeye anarudi kwao."

Nikakigeuza juani. Kimekaa kwenye meno utasema kimezaliwa humo. Wazee wetu huku Ufipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru marefu kuliko mtu, kwa hiyo mjomba ufundi hakuuokota barabarani.

Springi yake nikaona imechoka, nikaweka nyingine. Halafu Skola akasema, "Jaza grisi. Mjomba alikuwa anaijaza kabisa." Nikajaza mpaka ikatokea pembeni, ile grisi nene ya beringi. Tukajaribu kwenye jua la mchana. Kri kri kri, safi! Nikajiona daktari bingwa.

Kesho yake asubuhi... kayamba. Mbaya kuliko mwanzo.

Baba Neema hakucheka safari hii. Akasema tu, "Jumamosi haiko mbali, dada wa bondeni." Wakuu, afadhali angecheka. Skola aligeukia ukutani, nikajua machozi yako karibu.

Mara akaichukua racheti, akaichomeka kwapani ndani ya sweta, akakunja mikono.

"Dada, unaipima homa?"

"Nyamaza kwanza."

Akakaa nayo muda. Akaitoa, akaiweka kwenye nati, akavuta. Ikadaka kama mbwa kadaka mfupa.

"Unaona? Nikiwa Kaoze haijawahi kunigomea hata siku moja. Kule joto linailainisha hiyo grisi. Huku kwenu inaganda kama mafuta ya mbuzi."

Wakuu, nilitamani kumpigia saluti. Mwezi wa sita hapa asubuhi ukipumua unatoa moshi. Grisi imeganda, kiulimi kimenasa ndani, springi haina nguvu ya kukisukuma. Na mimi bingwa nikaenda kuongeza grisi!

Tukaifungua yote. Tukaiosha kwa dizeli na mswaki, tukaikausha. Nikakimbia kwa fundi cherehani jirani kuomba oili yake nyepesi. Matone machache tu, basi.

Jumamosi asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ikaingia gari ya abiria kutoka Chala, pampu ya maji inavuja. Nati moja imejificha nyuma. Baba Neema akaleta racheti yake mpya inayong'aa, kichwa kinene, hakiingii. Akalegeza kwa spana, ila spana haina nafasi ya kuzunguka. Akatukana kiwanda, akatukana gari, akamtukana na aliyegundua maji.

"Baba Neema, samahani, naomba nijaribu."

Akasogea, uso umekunjwa.

Kile kichwa chembamba kikapenya. Skola akavuta taratibu. Wote tunasikiliza.

Kri kri kri. Kri kri kri. Nati ikamdondokea mkononi.

Dereva akamfuata Baba Neema: "Bosi, hii pampu imekufa au inatengenezeka?"

Baba Neema akafuta mikono, akanyoosha kidevu kuelekea kwa Skola.

"Muulize fundi."

Mpaka leo yuko pale, na sasa ananipangia kazi hadi mimi.

Nilichojifunza: chombo cha zamani kikigoma, kabla hujakiita kibovu uliza kilikuwa kinaishi wapi. Na anayekijua ni aliyekishika miaka yote, we na meza yako sikiliza kwanza.

Haya wakuu, mlioko Njombe, Mbeya na kwingine kwenye baridi, racheti zenu mnaziwekea nini? Shusheni uzoefu. Hata matusi nasoma, ila yawe na ufundi.