Mstari wa Lumbesa

Mume wangu hakuwa mtu wa kuandika maelezo. Miaka yote tuliyokaa Lushoto aliandika programu kwa Python, na ndani yake hukuti alama ya reli (#) hata ya bahati mbaya, ile inayoiambia mashine kwamba maneno yanayofuata ni ya watu, iyapite. Nilimgombeza sana. Tulikuwa na kazi moja na meza moja, na kila nilipouliza kwa nini mstari fulani uko vile, alinieleza kwa mdomo huku anamenya peasi.

"Niandike ya nini, na mimi nipo?"

Sasa hayupo. Tumemzika kwao Vuga, na mimi nimebaki na programu ya kikundi cha wakulima wa mboga. Wao hutuma idadi ya magunia, programu inawaambia waagize lori la ukubwa gani.

Mfumo tunaotunzia programu huonyesha, pembeni mwa kila mstari, jina la mtu wa mwisho kuugusa. Ukiongeza hata nukta, mstari ni wako. Kwa hiyo nilipoanza kuweka maelezo sikuyabandika mwishoni mwa mistari yake kama wengi wanavyofanya. Niliyaandika juu, kwenye mstari wangu mwenyewe, ili wake ubaki na jina lake. Asubuhi, ukungu ukiwa umeuficha hata mpeasi ulio dirishani, nilifungua faili na kukaa naye hivyo, mimi juu, yeye chini. Wifi zangu walinisihi niende Vuga nikakae na watu. Niliwaambia nina kazi. Ukweli ni kwamba watu walinichosha, na nyumba nayo ilinichosha, na mahali pekee nilipojisikia nina mwenzangu palikuwa pale.

Siku moja nikafika kwenye mstari ambao sikuwahi kumuuliza maana yake. Uliichukua idadi ya magunia na kuizidisha kwa moja na nusu. Basi. Magunia ishirini yanakuwa thelathini, bila sababu. Nilitazama tarehe, nikaona aliuandika wakati alipokuwa mgonjwa, anafanya kazi kitandani na mto mgongoni. Roho iliniuma. Nikajua amekosea, na sikutaka mtu mwingine aje aone kwamba mwishoni alikuwa anakosea. Nikaufuta.

Wiki hiyo lori lililokuja lilikuwa dogo. Nilipigiwa simu, nikashuka hadi barabarani, mvua inanyesha, nikakuta kabichi za watu zimebaki kando ya njia na lori limeshaondoka kwenda Mombo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama karibu na magunia yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Marehemu alikuwa anatuletea kubwa."

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nayatazama magunia. Yalikuwa lumbesa, yote. Mdomo wa gunia umeachwa wazi, kabichi zimepangwa juu yake mlima mzima, halafu kamba imezungushwa kuzishikilia. Gunia moja, mzigo wa gunia moja na nusu. Nimezaliwa milima hii hii, nimekaa juu ya lumbesa nikiwa mtoto, na bado mbele ya kompyuta gunia kwangu lilikuwa gunia.

Nilirudi nyumbani nimelowa, na nilimkasirikia kuliko siku aliyokufa. Neno moja tu angeandika. Lumbesa. Lingemgharimu nini?

Nikaurudisha mstari vilevile, herufi kwa herufi, na juu yake nikaandika maelezo: magunia ya huku hujazwa lumbesa, usiondoe. Nikaijaribu programu, ikaagiza lori kubwa. Hakuwa amekosea. Mto mgongoni na homa mwilini, alikuwa na akili zake zote.

Kisha nikatazama pembeni mwa mstari, kwenye jina. Mfumo haujui kurudisha, unajua kuandika tu. Historia ya nyuma ipo, ukiichimba utampata, lakini nani atachimba? Atakayeifungua faili ataona maelezo yana jina langu na mstari una jina langu, na atadhani nilikuwa nafanya kazi peke yangu.