Wageni Langoni

Juzi mwanangu alinigeuzia simu yake. Alikuwa anajenga mji katika mchezo, na wageni wamesimama langoni. "Papa, niwakubali ao niwakatae?"

Nikasikia tena harufu ya waya zilizoungua katika duka la kaka yangu, mtaani Jabe, alikotengeneza kompyuta nilipokuwa mtoto. Yeye pia alicheza mchezo wa namna hiyo. Ghala la chakula la mji wake lilipogeuka jekundu kwenye kioo, aliwakataa wageni wote. "Chakula kikipunguka," aliniambia, "wazee ndio wanaanza kufa." Niliamini kompyuta yake ilijua mambo ya kila nyumba.

Alasiri moja nilirudi nyumbani nikamkuta mama mdogo amefika kutoka Uvira na watoto wake, wamekaa juu ya godoro lao. "Mubaki hapa," mama aliwaambia, bila hata kutazama gunia la unga. Mimi nililitazama. Lilikuwa limenywea.

Nikakimbilia kwa bibi. Alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi. Nikaweka kidole chini ya pua yake, nisisikie pumzi. Nikapiga yowe. Bibi akashtuka, akakikamata kidole changu.

"We mutoto, unatafuta nini?"

"Usikufe, bibi. Wageni wamekuya."

Hakucheka. "Hata mi nilifikaka hapa na godoro ku kichwa," alisema, akanishika mkono twende kuwasalimia. Sikumwelewa. Nilitembea nikisikiliza anavyohema.

Juzi nilimwambia mwanangu awakubali. Kisha nikabaki nikimtazama kibibi mmoja kwenye simu, aliyesimama karibu na ghala, mpaka alipopiga hatua.