Mkaa Ukutani

Mume wangu Shaame Makungu, Mungu amrehemu, alikuwa dalali wa karafuu pale mtaa wa Malindi, na ukuta wa jiko langu aliuharibu kwa mkaa. Kila akirudi kazini huchora mistari miwili: wa juu bei ya karafuu, wa chini fedha wanunuzi walizotoa siku ile. Mimi nikimwona mwehu.

"Tabia, bei maneno tu," akiniambia. "Tazama fedha. Bei ikipanda na fedha ikapanda, ya kweli hiyo. Bei ikipanda na fedha inashuka, ujue wakubwa wanajitoa kimyakimya."

Mwaka wa 1964 mama yangu, Bi Mwatima, alivuna magunia kumi na mawili shambani kwake Kidichi. Hiyo ndiyo nauli yake ya Hija. Nguo nyeupe za safari kashazishona, zimo sandukuni. Siku ya kuuza kaniachia mimi niamue.

Mwezi wa Shaabani bei ikawa inapanda kila siku. Shaame akaniita jikoni. "Uza kesho. Mistari imeachana wiki nzima."

Nikamcheka. Shoga yangu Mwanakheir kashaniambia tungoje Idi, bei itazidi. "Wewe na mkaa wako! Ungekuwa unajua, tungekaa nyumba ya kupanga?" Nliyasema hayo mbele ya mama. Asubuhi nikakoroga chokaa, maana Ramadhani haipokewi na kuta chafu, nikaupaka ukuta wote. Nilivyofurahi, mshenzi mimi!

Kabla ya Idi wanunuzi wa Malindi wakafunga milango. Ikatangazwa karafuu zote ziende kituo cha serikali, bei moja tu. Tulichopata hakikufika nusu ya nauli. Wanasema majuto mjukuu. Wangu alikuja siku hiyohiyo, na hajaondoka. Shaame hakunisema hata mara moja. Bora angenitukana.

Miaka sita, kila Shaabani, mama akilifungua sanduku, akazianika zile nguo, akazikunja tena. Mwaka wa 1971 maradhi yakamlaza.

"Tabia."

"Naam, mama."

"Meli ishafika?"

"Bado, mama. Pumzika."

Alikufa Ijumaa ile. Zile nguo nyeupe nikazifumua mshono mmoja mmoja kwa mikono yangu, tukamvika sanda.