Kioo Juu ya Ufa

Roshani ya nyuma ya nyumba ilipoporomoka, Mungu alisaidia, kilichopondeka ni beseni la nguo tu. Mkaguzi wa majengo akaja. Chumbani kwa fundi cherehani ambaye wateja humwita Mama Pindo, akabandika kipande cha kioo juu ya ufa wa ukuta, nusu huku, nusu kule.

"Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Tokeni, mnipigie hapo hapo. Mpaka uchunguzi uishe, hakuna kuziba wala kupaka rangi. Sheria inambana mwenye nyumba, na anayekaa humo inambana vilevile."

Mwenye nyumba alikuwa kaka yake Mama Pindo. Mama yao, miguu imeshamgomea, alikaa chumba cha juu.

Asubuhi moja Mama Pindo alifungua dirisha, akakuta kioo kimepasuka katikati. Lakini damu nzito kuliko maji: badala ya kumpigia mkaguzi, akampigia kaka. Naye huyo, mbio mbio, na karai la saruji na kipande kipya cha kioo.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," kaka alisema, akikoroga. "Sheria gani hiyo inagombana na methali?"

"Kaka, weka mwiko chini."

"Wakiifunga nyumba, mama tutamweka wapi? Mgongoni kwako?"

"Ndiyo. Mgongoni kwangu."

Chenga za lipu zikamwagika nyuma ya cherehani. Juu, mama alikuwa akikohoa. Tangu utotoni Mama Pindo alimwogopa kaka yake, na hata sasa alimwogopa, ila ukuta aliuogopa zaidi. Akampigia mkaguzi mbele ya macho ya kaka, kisha akapanda juu.

"Mnagombania nini huko chini?" mama aliuliza.

"Ufa, mama. Nishike shingoni."

Katikati ya ngazi mzigo ukamwelemea. Kaka akapanda, mikono imejaa saruji, akampokea mama.

Mkaguzi aliwakuta ng'ambo ya barabara. Aliingia ndani, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

"Karai la nani lile?"

Mama Pindo hakuweza kumchongea ndugu yake, sheria au si sheria.

"Langu," kaka alisema. "Nilitaka kuziba. Dada akakataa."

Mama akamgeukia mwanawe. "Ulitaka kuziba, na mimi nimelala juu?"

Kaka akabaki kubandua saruji iliyomkaukia vidoleni.