Baba wa Binti Yangu Amegombea Ubunge Honduras

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa miaka 45, kwetu Mugoma, Ngara, ila nauza chakula kwa madereva wa malori hapa Nyakanazi. Nimechoka ndugu zangu, hata kuandika hapa nimejikokota.

Enzi za kambi za wakimbizi nilizaa na mzungu mmoja fundi wa visima, mtu wa Honduras, huko Amerika ya Kati. Kambi ilipofungwa akarudi kwao, akaoa. Simu hajaacha kupiga, hilo nisimsingizie. Kiswahili chake cha kambini bado anacho. Ila anapiga kwangu tu; binti hajui hata jina la ukoo la baba yake.

Sasa binti yetu, nimwite Neema, amechumbiwa. Kwetu wakwe wakileta pombe ya ndizi, baba wa binti ndiye anayeanza kuvuta mrija, ndipo wengine wanywe. Kaka yangu alijitolea, Neema akagoma. "Mjomba, nakuheshimu, lakini baba yangu yuko hai. Atokee hata kwenye simu watu wamuone, ndipo uvute kwa niaba yake."

Baba mtu akaniambia, "Mama Neema, nagombea ubunge. Uchaguzi mkuu ukiisha nitatokea. Wapinzani wakijua sasa hivi nina mtoto Afrika, nimekwisha."

Tukawaomba wakwe wasubiri. Neema akawa anafunga na kusali baba ashinde. Kwenye jumuiya akasema, "Naomba tuombee uchaguzi wa Honduras." Mzee mmoja akauliza hiyo Honduras iko upande gani wa Burundi. Wakaomba hivyo hivyo, rozari nzima. Mimi nilikuwa naitikia huku moyoni naomba ashindwe, akose kisingizio.

Mungu akanisikia mimi. Kaanguka vibaya. Nikampigia: "Pole, Baba Neema. Basi Jumamosi wakwe wakija utatokea?"

Akasema, "Vumilia, Mama Neema. Baada ya miaka minne nagombea tena."

Sikumtukana. Nilikata simu nikaendelea kumenya ndizi.

Wakwe wanakuja Jumamosi, wamesema hawasubiri tena. Neema kila akiniona, "Mama, matokeo?" Nikisema ukweli, atajua hakuna kinachomzuia baba yake, ni kwamba anamwonea aibu. Nikisema ameshinda, atamsamehe, mheshimiwa ana majukumu, na mjomba atavuta mrija kwa amani. Ila jumuiya nao wataandaa ibada ya shukrani, na mimi nitakaa mbele.

Nishaurini wenzangu. Nimtangaze mshindi?